Kihamba cha babu: jinsi ya kumsaidia mtoto amkumbuke babu yake kupitia shamba, hatua kwa hatua

Baba yangu tulimzika mwezi wa pili, kwenye kihamba chake kule Marangu, hatua chache tu kutoka kwenye migomba yake, na siku ya tatu wakati watu wanarudisha viti vya kukodi binti yangu wa miaka 9 akaniuliza, mama, babu ndo alipanda hii yote? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, hata ule? akionyesha mti mkubwa nyuma ya zizi, hapo nikakwama. Nimezaliwa pale, nimecheza chini ya ule mti miaka yote, na sikujua aliupanda nani wala ulifikaje.

Huu mwongozo umetokana na lile swali. Ni mambo tuliyofanya mimi na yeye kwa karibu miaka miwili sasa, pamoja na tuliyoharibu. Mtoto ukimkalisha kwenye kochi ukamwambia ngoja nikusimulie maisha ya babu yako, dakika ya tano anaomba simu. Mpeleke kwenye shina la mgomba umwambie hapa babu alimuua nyoka kwa jembe, huyo atakusumbua kwa maswali mpaka mnalala.

Kwa wasiojua, kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Vitu vinapandwa pamoja kama ghorofa: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage, mnafu (mboga ya majani), na humohumo kuna nyumba, zizi la ng'ombe anayeletewa majani ndani, na makaburi ya ukoo. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wameiweka Shimbwe Juu, huko huko Kilimanjaro, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya mfumo huu. Lakini hatua zenyewe utazitumia hata kwenye kibanja cha Bukoba, kwenye minazi na miembe ya Tanga, au kwa bibi wa Magomeni aliyeacha makopo matano ya maua barazani. Utabadilisha majina ya mimea tu.

Kabla ya yote: waambie ndugu

Hii hakuna aliyenionya na karibu iniharibie kila kitu. Tulienda likizo ya mwezi wa sita, mimi na mtoto, nimebeba futi ya fundi ya mita 30 ili tuchore ramani nzuri. Tumepima upande mmoja tu, baba mdogo akatokea mpakani, mikono nyuma, ametulia, akauliza, mnapima nini? Nikamwambia ni kazi ya mtoto. Akaitikia vizuri kabisa akaenda zake. Jioni simu nne, ya kwanza kaka yangu toka Arusha.

Jiweke kwenye nafasi yao. Kihamba ni ardhi ya ukoo, mazishi hayajafikisha hata miezi mitano, binti aliyeolewa Dar anaonekana na futi shambani. Ningekuwa mimi ningepiga simu pia.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Mpigie kwanza mkubwa wa familia umweleze kwa mdomo, sio kwa meseji. Alafu weka taarifa kwenye grupu la ukoo, na ikiwezekana mtoto mwenyewe arekodi voisi aseme anataka kujua mimea ya babu, maana sauti ya mtoto inapoza mengi. Futi iache nyumbani, mtapima kwa hatua za miguu. Usichore mpaka wala kuandika majina ya majirani wanaopakana. Na ahidi kwamba nakala ya kila kitu itabaki kule kule nyumbani. Kama tayari kuna kesi ya ardhi, ramani achana nayo kabisa, fanya mimea tu.

Vya kubeba ni vichache. Kauntabuku kubwa, daftari la hesabu lenye viboksi, penseli (peni inachuruzika ikipata maji), simu yenye chaji na pawabenki, mifuko ya kaki kwa ajili ya mbegu, kisu, na nguo ambazo hutazililia. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, hata ufanyeje.

Hatua ya 1: tembeeni na mtu aliyechafuka pale

Kosa la kwanza ni kumfuata mwenye cheo. Mwenye cheo anajua historia ya ukoo, shamba linajulikana na mtu aliyekuwa anamwaga samadi. Kwetu kahawa ilikuwa ya wanaume na migomba ya wanawake, kwa hiyo ukimuuliza baba mdogo unapata habari za kilo na malipo ya chama cha ushirika, ukimuuliza mama yangu anakwambia kila shina la mgomba mche wake ulitoka kwa nani. Tuliishia na watu wawili, mama na mzee mmoja jirani aliyekuwa anamsaidia baba kukatia kahawa. Wawili wanatosha, wakifika watano ni baraza, kila mtu anamsahihisha mwenzake na mtoto anasahaulika.

Asubuhi baada ya chai ndo muda mzuri. Mtoto abebe kigoda cha bibi na chupa ya maji, hiyo ni kazi yake na inampa sababu ya kuwa karibu muda wote. Saa moja basi, bibi wa miaka 70 na zaidi akichoka anaanza kufupisha. Na siku ya kwanza msiandike chochote wala kurekodi. Tembeeni tu, mtoto ashike majani, anuse, aulize upuuzi wake. Mi wangu siku ya kwanza alitaka kujua kwa nini kuku wa bibi wanalala juu ya mti na sio bandani, na kwenye hilo swali tukapata habari ya chui, eti zamani babu akiwa mdogo chui aliwahi kushuka toka msituni akamaliza banda zima. Hiyo habari mi sikuwahi kuisikia.

Hatua ya 2: ramani ya hatua za miguu

Kwanza ujue hatua ya mtoto ni ndefu kiasi gani. Mwambie atembee kawaida hatua 10, pima umbali wote (nyumbani Dar kabla hamjasafiri!), gawa kwa 10. Ya binti yangu ilitoka sentimita 55. Alafu kwenye daftari la hesabu boksi moja liwe hatua mbili, na hapo mtoto anajifunza skeli bila kujua.

Anzeni na vitu visivyohama: nyumba, zizi, kaburi, njia ya kuingilia, mfongo. Mfongo ni ule mfereji wa maji wa asili unaotoka mtoni juu na kupita mashamba ya watu kwa zamu, na kwetu ndo alama nzuri kuliko zote maana kila mtu anakumbuka mambo kwa kusema juu ya mfongo au chini ya mfongo. Vikishakaa hivyo, weka miti mikubwa, alafu mashina ya migomba kama viduara, kahawa kama vinukta. Magimbi na mboga paka rangi tu eneo lake, ukisema uhesabu mnafu utalia.

Acha ramani iwe mbaya. Ya kwetu zizi limekuwa kubwa kuliko nyumba, kwa sababu kwake yeye ng'ombe ndo alikuwa habari kubwa. Nilishika penseli nirekebishe, nikaacha.

Hatua ya 3: mmea mmoja, maswali matatu

Hapa ndo kazi ilipo na hapa msiwe na haraka, sisi ilituchukua siku mbili nzima. Usimuulize bibi "babu alikuwa mtu wa namna gani", utajibiwa alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, na hapo mazungumzo yamekufa. Simama mbele ya mmea mmoja uulize: nani aliuleta hapa? Ulitoka wapi? Ulituletea nini nyumbani? Maswali aulize mtoto, wewe kaa kimya. Wazee wanamjibu mtoto tofauti na wanavyokujibu wewe.

Nikupe mifano uone yanavyofunguka.

Kahawa. Jibu la tatu lilikuwa fupi: wewe. Yaani ada yangu ya sekondari. Mama akamweleza mjukuu jinsi walivyokuwa wanachuma zile nyekundu tu, wanapitisha kwenye mashine ya mkono jioni hiyohiyo maana ikilala inaharibika, wanaloweka, wanaosha, wanaanika kwenye vichanja, na mvua ikitishia hata usiku wa manane watoto wanaamshwa wakaianue. Binti yangu akanitazama kama hanijui. Hapo nikaongeza na ya kwangu, kwamba siku moja nilikanyaga miche ya kahawa nikicheza rede, na babu yake huyo mpole akanichapa na fimbo ya mti wa kahawa hukohuko. Ameandika hivyo kwenye daftari: "Babu alimchapa mama kwa sababu ya kahawa." Shangazi alitaka tufute, marehemu hasemwi vibaya. Nimekataa. Mtoto aliyeambiwa babu alikuwa malaika atabaki na picha ya ukutani tu, na mi nataka abaki na mtu.

Mgomba wa mchare. Huu ni wa kupika, ndo unatoa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtori ndo chakula cha mzazi. Kumbe lile shina karibu na dirisha la jiko mama alipewa mche wake na mama yake mzazi, akautoa kwao Mwika, na mikungu yake ndo ilimlisha kila alipojifungua, watoto sita. Mi ni wa nne. Nimekaa na hilo shina miaka 40 na kitu nikilitupia maji ya vyombo.

Msesewe. Gome lake linakaushwa, linatwangwa, linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya asili, ipate ule uchungu, pamoja na ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Hapa mzee jirani ndo alichangamka, na tukapata mambo ya harusi, nani alikunywa nini na nani alibebwa kurudi kwake. Mengine nimeyaweka kwenye daftari langu, sio la mtoto.

Masale. Mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani na kwenye makaburi. Mzee akamwambia mtoto kwamba mtu akikukosea akaja na sale mkononi kuomba msamaha, ni vigumu sana kumkatalia. Mtoto akauliza, babu aliwahi kuletewa? Kimya. Mama akasema babu mwenyewe ndo aliwahi kulipeleka. Kwa nani hakusema na sikumlazimisha, na wewe usilazimishe, mlango ukifungwa sogea kwenye mmea unaofuata.

Na ule mti nyuma ya zizi? Mringaringa. Tutaufikia.

Kwenye daftari tumia kurasa mbili kwa kila mmea. Kushoto mtoto achore au abandike jani kavu (likandamize ndani ya kitabu kizito wiki mbili kwanza, ukibandika bichi linaota ukungu, tumeharibu nane hivyo). Kulia aandike majibu matatu kwa maneno yake. Jina la Kichaga aliandike anavyolisikia, na andika ni la wapi, maana la Marangu na la Machame yanaweza kuwa hayafanani kabisa.

Hatua ya 4: kupata miaka bila cheti

Hakuna mtu aliyeandika tarehe ya kupanda mgomba. Lakini wazee wana kalenda kichwani, unachotakiwa ni kuulizia matukio. Kabla hatujatoka Dar tuliandika ukurasa mmoja wa matukio tunayoyajua mwaka wake: uhuru na mwenge kuwashwa kileleni Kilimanjaro, 1961. Azimio la Arusha, 1967. Vita ya Kagera, 1978 na 79. Kifo cha Sokoine, 1984. Mvua za El Nino, 1997 na 98. Ongeza na ya familia, ndoa, kila mtoto alipozaliwa, mwaka nyumba ilipoezekwa bati. Alafu unauliza tu: huu ulikuwepo vita ya Kagera? Ulikuwa unafika wapi, kiunoni au juu ya paa? Hivyo ndo tukajua mringaringa mama aliukuta alipoolewa 1966, mwembamba kama mkono, na mkwe wake alikuwa ameuzungushia miiba ili mbuzi wasiutafune. Kwa hiyo haukupandwa na babu. Aliupanda baba yake babu, alafu babu akautunza miaka yake yote bila kuukata, hata pale alipoahidiwa hela nzuri ya mbao. Mtoto alikaa na hilo kidogo, akasema, kumbe na yeye alikuwa ana mti wa baba yake.

Kwa kahawa angalia na historia kubwa. Wamisionari wa Kilema ndo walianza kuipanda huko mwishoni mwa miaka ya 1890, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza 1933. Baba alizaliwa 1941, kwa hiyo alizaliwa akaikuta kahawa, na mtoto akapenda sana kujua kuna mmea shambani mkubwa kuliko babu.

Tena soma shamba lenyewe. Tuna sehemu ambayo migomba imekaa kwa mstari ulionyooka, wakati kwingine kote imejikalia ovyo. Nikamuuliza mzee, akacheka, hiyo ilikuwa kahawa hiyo. Mwaka 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na babu baada ya kuvumilia misimu kadhaa aling'oa mistari minne akatumbukiza migomba kwenye mashimo yaleyale. Alifanya peke yake, alikataa kusaidiwa. Mzee anasema siku hiyo hakula.

Hatua ya 5: sauti

Fupi tu. Rekodi vipande vya dakika mbili tatu, kipande kimoja mmea mmoja, na mtoto aseme mwanzoni: tarehe, mmea gani, nani anaongea. Upepo unaharibu sana, simu iwe karibu na mdomo, umbali wa kama kiganja, na ficha maiki kwa kitambaa chepesi. Muache bibi aongee Kichaga akitaka, utatafsiri baadaye. Mama akiongea Kiswahili anasimulia, akiongea Kichaga anakuwa yupo kabisa.

Jioni hiyohiyo badilisha majina ya mafaili, sio "rekodi 014" bali "mchare wa jikoni, bibi". Alafu jitumie WhatsApp, na mtumie mtu mwingine mmoja. Mi vipande vya siku ya kwanza vyote vilipotea, simu ilidumbukia kwenye mfongo. Bibi alivirudia kwa kupenda lakini sio vilevile, ile habari ya harusi ilirudi nusu.

Hatua ya 6: kuchukua mbegu

Omba. Hata kama ni kwenu. Mama ndo alichagua tuchukue nini na tuchukue wapi, na masale ya kaburini alikataa tusiguse, tukapewa ya mpakani.

Mgomba: usichukue chipukizi lenye majani mapana, chagua lile lenye majani membamba yamesimama kama upanga, hilo limeshikamana vizuri na mama yake. Lichimbwe na kisiki chake, urefu wa futi 2 au 3 linatosha. Shina lenye mgomba wowote unaonyauka, majani ya njano yaliyovunjika kuzunguka kama sketi, au ndizi zinazoiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, usiguse kabisa hata kama lina historia tamu namna gani, utabeba ugonjwa ukauhamishie mji mwingine. Menya mizizi yote na ganda la nje la kisiki mpaka kiwe cheupe, ukiona matundu au mistari meusi ni fukusi, tupa. Kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Kutumbukiza ni kazi ya mtu mzima, kuhesabu ni kazi ya mtoto na asimame mbali. Kiache kipoe kivulini, funga kwenye kiroba, siyo nailoni, njiani kitapumua.

Masale ni rahisi mno, kata bua sentimita 30 hivi, weka alama upande wa juu ni upi. Magimbi chukua kichwa na vikonyo vyake vifupi. Mnafu chukua matunda yaliyoiva, yakamue kwenye maji, mbegu zinazozama ndo nzuri, anika kwenye gazeti.

Kahawa tuliichukua na nawaambia msihangaike kama mnaishi pwani. Arabika inataka baridi ya mlimani. Yetu ilijitahidi miezi minane kwenye ndoo Tabata, ikageuka njano ikafa, na nilikuwa na mtoto anayelia babu amekufa tena. Hilo lilikuwa kosa langu, nilitakiwa kujua. Chukua punje chache zilizokauka uzitie kwenye chupa ya kioo, inatosha.

Hatua ya 7: kupanda mjini

Kwa mgomba chimba shimo mwanzoni mwa mvua, upana futi 2 na kina futi 2, udongo wa juu weka kushoto na wa chini kulia. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, rudisha, panda kisiki kikae kina cha kama shubiri moja, kanyagia, mwagia, funika na majani makavu ila yasiguse shina. Kama ni zaidi ya mmoja acha mita 3 katikati. Sisi tumeuweka kando ya bafu la nje maji yanapotokea, unakua kwa kiburi.

Mgomba ukianza kutoa machipukizi usiyaache yote. Wataalamu wa migomba wanasema bakiza matatu, mkubwa, wa kati na mdogo, na wanawaita mama, mtoto na mjukuu. Binti yangu sikumwambia chochote, nilimpa jembe nikasema chagua mjukuu. Akachagua lenye kasoro, limepinda, eti ndo limefanana na yeye. Lipo mpaka leo.

Usiye na uwanja, masale yanakaa kwenye kopo la rangi la lita 20 lililotobolewa chini, kwenye kivuli, hata barazani ghorofa ya nne, mwagia udongo ukikauka tu. Magimbi nayo yanakubali ndoo ila yanataka maji mengi. Mnafu unavuna baada ya wiki chache, na kwa mtoto mdogo asiye na subira anza na huo.

Hatua ya 8: kazi iwe ya kweli

Bustani ya kumbukumbu ambayo mtoto anaitazama tu ataichoka. Yetu ina kazi: Jumamosi asubuhi ni yeye wa kumwagia, kutoa majani makavu, kuhesabu majani mapya na kuandika. Akisahau mmea unanyauka, simwagii. Nimeshaonekana mama mkatili kwa hilo na sijali, babu yake angefanya hivyohivyo.

Mkungu wa kwanza ulichukua miezi 16, chane tano tu, mdogo ukilinganisha na wa Marangu, na siku ya kuukata tulipika mtori. Chemsha nyama ya ng'ombe yenye mfupa na chumvi na kitunguu mpaka iive kabisa, toa nyama. Paka mafuta mikononi, menya ndizi, zikate, zichemshe kwenye ule mchuzi mpaka ziwe laini za kupondeka. Ponda na mwiko, ongeza mchuzi kidogo kidogo uwe mzito kiasi unavyopenda, rudisha nyama iliyochambuliwa, siagi kidogo au maziwa, pilipili hoho ukitaka. Tulimpigia bibi video. Akatazama sufuria akasema mmeweka maji mengi.

Hatua ya 9: vibao

Vibao vya mbao vililiwa na mchwa ndani ya mvua moja. Vya karatasi iliyopigwa plastiki vilipauka. Kilichodumu ni kopo la soda: kata kipande kwa mkasi (mtu mzima, kingo zinakata kama wembe, zikunje), lilaze juu ya gazeti, mtoto aandike kwa kukandamiza na peni iliyoisha wino, maneno yanabonyea na hayafutiki. Tumetengeneza seti mbili, moja ya Tabata na moja tukaipeleka Marangu Krismasi iliyopita tuliporudi nyumbani na wenzetu wote "kuhesabiwa", kama Wachaga tunavyotaniwa kila Krismasi. Vya Marangu tumefunga kwa waya uliolegea, usipigilie msumari kwenye mti hai na usikaze, mti unanenepa. Jina la mmea, aliyeuleta, mwaka kama upo. Kwenye kahawa ya karibu na njia mtoto ameandika "Ada ya mama".

Mkiwa kaburini maswali magumu yatakuja, usiyakimbie. Aliuliza kama babu sasa amekuwa mbolea. Nikaanza kujikanyaga, mwili unarudi udongoni, roho iko kwa Mungu, akanikatisha, sasa zile ndizi za pale tutakula? Mama yangu alikuwa anapalilia pembeni, hata hakuinua kichwa. Tumekula miaka yote, akasema, baba yake babu yuko hapo hapo.

Baba mdogo naye alizunguka kusoma vibao vyote siku ile, mikono nyuma, kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye mringaringa akasimama, akasema mwaka sio sahihi, baba yao aliupanda yeye baba mdogo alipozaliwa, na mama alipoolewa mti ulikuwa na miaka mingi tayari ila ulikuwa umeliwa na mbuzi ukaanza upya kwenye kisiki. Mama anakataa. Kwa sasa tumebandua kile kibao, na kwenye daftari pale pa mwaka kuna alama ya kuuliza na majina ya wote wawili. Kuna mimea mingine mitano yenye alama hiyohiyo, mmoja inasemekana ulitoka Rombo, na shangazi wa Rombo ameshaambiwa ajiandae, tunakuja Pasaka na kigoda.